Maoni yako ya gemu yasiyopendwa: mimi nasema kopi ndiyo imenilea. Tupeane uzoefu

Mla Zabibu:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kisasa hapa Dodoma, upepo unapiga hadi vumbi linaingia kwenye chai. Jana gengeni nimemsikia kijana anamcheka mwenzake eti anacheza gemu feki kwenye simu. Mimi naona feki ndizo zilizotulea, na zingine zilikuwa tamu kuliko zenyewe. Nitukaneni, ila toeni na ushuhuda.

Naanza. Mwaka 2001 baba mdogo alirudi toka Dar na mashine ya kuchomeka kwenye TV, ya kijivu, pedi mbili zenye waya mfupi. Ukubwani ndio nikajua ile ni nakala ya Famicom, mashine ya gemu ambayo kampuni ya Nintendo waliitoa Japani 1983. Kaseti ya njano, imeandikwa michezo 9999. Mimi na kaka tukakaa na daftari siku nzima tunahesabu: saba! Iliyobaki ni ile ile kwa jina jingine, au Contra, ile ya kupigana risasi, inayoanzia katikati. Nani alilalamika? Nusu ya Makole ilihamia sebuleni kwetu. Kaseti ikigoma, unaitoa, unaipuliza, unarudisha. Nintendo wenyewe walikuja kusema msipulize, unyevu wa mdomo unakula vile vyuma. Sasa na vumbi la Dodoma ungefanyaje?

Kipa wa Majengo:
Umenigusa mkuu. Mimi ni wa kibanda cha PS2 (PlayStation 2), mechi shilingi mia, gemu la mpira la Winning Eleven ya CD ya kuchoma, maandishi yote Kijapani. Hakuna aliyejua hata herufi moja, lakini kila mtu alijua ya pili toka juu ndiyo mechi. Mtangazaji akipayuka, na sisi tunapayuka naye. Siku mwenye kibanda alipoleta ya Kiingereza watu walinuna, wakasema haina mzuka. Akairudisha ile.
Na lile gemu la mpira lililokuwa FIFA, tangu 2023 linaitwa FC, mpira ule ule, kila mwaka unanunua upya. Huyo mtengenezaji anajikopi mwenyewe na hamumsemi.

Binti Kondoa:
Mnaoapa kwa nyoka wa Nokia, pole. Walimweka kwenye simu ya 6110 mwaka 1997, ila mchezo wa mstari unaorefuka ulikuwepo tangu 1976 kwenye mashine za sarafu, unaitwa Blockade. Mimi nilimcheza kwenye simu ya bibi, chaji imebaki kijiti kimoja, bibi anasubiri simu ya mjomba. Ikazima mkononi mwangu. Kuchajisha ni hadi dukani, na duka limefungwa. Yaliyofuata sisimulii.

Mzee wa Tufe:
Kupata maisha thelathini kwenye Contra unabonyeza: juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A. Nimesahau namba ya NIDA, hii sijasahau.

Fundi Nkuhungu:
Nyie mnatetea wizi kwa sababu hamjaibiwa. Mwaka 2014 waliotoa Threes, gemu la simu la kuunganisha namba, walikuwa wameitolea jasho zaidi ya mwaka mzima. Mwezi mmoja tu baada ya kutoka ikaja 2048 inayofanana nayo, imetengenezwa wikiendi moja, ya bure, dunia yote ikahamia huko.
Na mimi yamenikuta. Nilitengeneza kijigemu cha bodaboda anayekwepa mashimo, miezi minane nikitoka kazini. Wiki tatu tangu nikiachie, mtu amekinakili mpaka kosa langu la kuandika "umekufua" badala ya "umekufa". Akajaza matangazo, akanipita kwa mbali. Kibaya zaidi, shangazi yangu anacheza cha yule mwizi. Anasema changu kinachelewa kufunguka.

Mla Zabibu:
Hapo sina neno mkuu. Shangazi anajua kwamba ni chako?

Fundi Nkuhungu:
Hajui. Jumapili amenionyesha amefika ngazi ya arobaini. Nikampa hongera.