Amri za Linux free, top au vmstat: ipi ifuatwe kabla ya kununua RAM?

MtaaWaKongo: Wakuu, salaam. Seva ya duka hapa Kariakoo ni Ubuntu yenye RAM GB 4, inaendesha PostgreSQL (hifadhidata) na mfumo wa stoo. Mchana mauzo yakipamba moto inakuwa nzito. free -h inaonyesha free 160Mi tu. top nayo ina postgres kumi, na RES zake (RAM inayoshikiliwa na kila moja) zikijumlishwa zinazidi RAM yote iliyofungwa. Nishike ipi?

Keneli_Ubungo: Mkuu, safu ya free iache. RAM ambayo haina kazi Linux huitumia kuweka mafaili yaliyosomwa karibuni, ndiyo hiyo buff/cache, na programu ikihitaji nafasi inapewa. Soma available: makadirio ya keneli (kiini cha Linux) ya kiasi kinachoweza kutolewa bila kugusa swap, yaani nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya akiba. Kipo tangu keneli 3.14 ya mwaka 2014. Na atakayekwambia ufute buff/cache kwa drop_caches usimsikilize! Seva itaanza kusoma diski upya wakati foleni ya wateja imefika mlangoni.

DadaWaSinza: top ni ya kumtafuta mlaji. Bonyeza M kubwa, orodha inajipanga kwa kumbukumbu. Ila kujumlisha RES ni kosa: shared_buffers (kumbukumbu ya pamoja ya PostgreSQL) ni ya wote, kwa hiyo ukurasa mmoja (kipande cha kumbukumbu) unahesabiwa kwa kila postgres iliyougusa. Kipimo cha haki ni PSS, kinachogawa ukurasa wa pamoja kwa idadi ya wanaoutumia:

sudo grep ^Pss: /proc/1234/smaps_rollup

Badala ya 1234 weka PID, namba ya postgres unayoipima kama ilivyo kwenye top. Halafu kaka, shared_buffers hizo zinahesabiwa ndani ya buff/cache na haziachiliwi kirahisi. Ndiyo sababu mojawapo available huwa chini ya jumla ya free na buff/cache.

Mchunga_Seva: Yote sawa, lakini free ni picha ya dakika ile tu. Tatizo ni uzito wa mchana, basi pima mchana huohuo:

vmstat 1 60

Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu mashine iwashwe. Tazama si na so, yaani kinachorudi kutoka swap na kinachopelekwa huko. Zikitoa namba mfululizo, RAM haitoshi. Zikikaa 0, hata swap ikiwa imetumika kiasi, usihangaike. Ni kurasa zilizowekwa kando kwa kutoguswa. Kisha tazama wa, asilimia ya muda prosesa inaokaa bure ikisubiri diski.

MtaaWaKongo: Nimepima saa saba. available 1.3Gi, si na so 0 mwanzo mwisho, wa kati ya 35 na 40.

Mchunga_Seva: RAM usinunue. Endesha sudo iotop -o uone nani anaisumbua diski, na kama hiyo diski ni ya kuzunguka, pesa hiyo weka kwenye SSD.