Kwa Nini Tulilia Sehemu ya 12? (Gumzo la Ukoo, Ijumaa usiku)

Nasra, 3:04 usiku
Assalaam alaykum ukoo. Mie na Ilyas tumemaliza Aldnoah.Zero leo, sehemu zote 24. Nina uchungu na lazima niutoe. Kaka Hemed, wewe ndiye uliyetutilia kwenye flashi Idi iliyopita, kwa hiyo usikimbie.

Hemed (Mombasa)
Waalaykum salaam. Sikimbii. Lakini kwanza sema ukweli, mwanzo haukukushika?

Nasra
Ulinishika sana. Ndiyo maana naumia. Kitu kibaya tangu mwanzo unakizima, unalala. Hiki kilinikalisha macho mpaka saa 8 usiku.

Shangazi Zuwena
Hiyo Aldino ndiyo nini? Filamu?

Nasra
Shikamoo Shangazi. Ni anime, katuni za Kijapani, ya vita vya angani na maroboti makubwa ambayo mtu anaingia ndani akayaendesha. Ilitoka misimu miwili, Julai hadi Septemba 2014, halafu Januari hadi Machi 2015. Kisa chake ni kwamba mwaka 1972 wanaanga wa Apollo 17 wamekuta mlango huko mwezini, ukiuvuka unatokea Mirihi. Watu wakahamia, wakapata nguvu ya kale inayoitwa Aldnoah, wakajitangazia dola yao, Vers. Mwaka 1999 wakapigana na Dunia, mwezi ukapasuka, vipande vyake vikabaki vinaelea juu. Miaka 15 baadaye binti mfalme wao, Asseylum, anakuja Japani kutafuta suluhu, msafara wake unapigwa makombora barabarani. Makabaila wa Mirihi wakapata kisingizio, wakashuka na ngome zao.

Shangazi Zuwena
Marahaba. Kumbe hadithi ya maana.

Mama Nasra
Bibi yuko hapa kwangu anasikiliza, nilikuwa namsomea. Anauliza: huyo binti kafa?

Nasra
Hakufa, Bibi. Aliyekuwa ndani ya gari ni mwengine aliyefananishwa naye. Yeye kajificha kwa watoto wa shule, na miongoni mwao ndipo alipo stelingi, kijana anaitwa Inaho.

Hemed
Na Inaho anaendesha roboti la mazoezi la rangi ya machungwa. La kufundishia wanafunzi! Wa Mirihi kila mmoja ana chombo chenye uwezo wake, na yeye hana ila bunduki na akili.

Nasra
Hapo hapo, Kaka. Nataka nikae hapo kidogo, maana hapo ndipo nilipoipenda.

Kabaila wa kwanza ana roboti lenye ngao inayomeza kila kitu. Risasi zinatoweka, kuta zinatoweka, rafiki yao mmoja naye anatoweka. Inaho akakaa akafikiri: kama ngao inameza kila kitu, mpaka mwanga, basi mwendeshaji anaonaje njia? Lazima pana mahali ngao haifiki, ndimo anamopokea habari za nje. Wakamvuta mpaka darajani wakamtumbukiza majini, na maji ndiyo yaliyoonyesha wapi pana tundu. Ilyas alisimama juu ya kochi! Alishalikisia hilo tundu kabla Inaho hajasema. Mtoto wa miaka 13, yuko Jang'ombe, anafikiri pamoja na stelingi. Hadithi inayokupa nafasi hiyo imekuheshimu.

Ami Saidi (Maskati)
Waalaykum salaam wanangu. Nimetoka kazini sasa hivi nakuta ujumbe 20. Endelea Nasra, nakusoma.

Nasra
Shikamoo Ami. Basi msimu wa pili wakaja wakaiondoa nafasi ile ile. Inaho akawekewa jicho la bandia la kushoto, lina kompyuta ndani. Jicho linapiga hesabu, jicho linajua risasi itapita wapi, mpaka mtu akidanganya jicho linamwambia. Sasa sisi tufikiri nini? Tumekaa tu tunasubiri jicho litoe jibu.

Hemed
Lakini jicho lina gharama yake, linamdhuru ubongo. Wamesema.

Nasra
Wamesema. Kaumwa kichwa, katoka damu, na mwisho likatolewa, yeye mzima wa afya.

Ami Saidi
Alipotezaje jicho?

Nasra
Hapo ndipo penye kilio changu, Ami. Ngoja niandike taratibu.

Mama Nasra
Kabla hujaandika, nani kaondoa sinia kubwa la maandazi? Kesho khitma ya marehemu babu yenu na unga nataka kuukanda alfajiri.

Nasra
Liko kwa mama Rehema jirani, Mama. Nitalifuata.

Nasra, 3:31 usiku
Sehemu ya 12, mwisho wa msimu wa kwanza. Wamo ndani ya ngome ya kabaila Saazbaum. Asseylum anapigwa risasi. Inaho kajeruhiwa, anatambaa sakafuni amfikie. Anatokea Slaine, kijana wa Dunia aliyelelewa na Wamirihi, anayempenda yule binti kuliko roho yake. Anamnyooshea bastola Inaho, anampiga ya kichwa. Imekwisha. Majina yanapita.

Ilyas alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Hakukiweka chini na hakunywa. Alikishika vile vile mpaka chai ikapoa, machozi yanamshuka, hasemi. Nikamwambia twende tukalale, akaniambia, "Da Nasra, sasa nani atasimamisha vita?" Nami nililia, sioni haya. Nilidhani nimeona watu waliothubutu.

Hemed
Wakati inatoka, watu walingoja miezi mitatu mizima na sehemu hiyo.

Nasra
Sisi tulingoja usiku mmoja. Asubuhi tukafungua sehemu ya 13. Imepita miezi 19. Binti yumo ndani ya tangi, kalala tu, lakini yu hai. Saazbaum aliyepigwa risasi na Slaine yu hai, tena baadaye anamfanya Slaine mwanawe. Na Inaho anaingia, yuko shwari, uso ule ule. Ilyas akanigeukia: "Sasa kwa nini tulilia?"

Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sina.

Hemed
Nasra, dada yangu, stelingi hafi. Tangu enzi za vibanda vya video sote twalijua hilo. Ukilipa kiingilio washajua atashinda.

Nasra
Najua, na sina ugomvi na hilo. Asife! Avunjike mguu, apotee, atekwe. Lakini ukimpiga risasi ya kichwa mbele ya macho yangu, ukanifungia mlango hapo, umeniahidi jambo. Ukirudi ukaniambia haikuwa kitu, hata mauti ya wengine yaliyotangulia nayaona hayana uzito. Yule rafiki yao aliyemezwa na ngao, nilimlilia sehemu ya 2. Sasa najiuliza kwa nini yeye peke yake ndiye hakubahatika.

Ami Saidi
Nasra kasema kitu kikubwa hapo. Hemed, mpe nafasi kidogo na mjomba wako.

Mie nimekuja Maskati mdogo, Kiarabu sijui hata cha kuombea maji. Nyumbani Kiswahili, nje watoto wananicheka. Jirani yetu hapo mtaa wa Ruwi alikuwa na televisheni, na jioni sote tunajaa sebuleni kwake, viatu mlangoni vimepandana. Tunaangalia Grendizer, katuni ya roboti. Ya mchoraji Go Nagai hiyo, Wajapani waliionyesha 1975 mpaka 1977, sehemu 74, halafu Lebanon wakaitia Kiarabu. Sauti ya Jihad al-Atrash, aliyemsemea stelingi, ndiyo iliyonifundisha Kiarabu fasihi, wallahi. Mwalimu akashangaa nilikotoa yale maneno.

Shangazi Zuwena
Kaka, nakumbuka! Ulikuja likizo Unguja ukawa unatupigia kelele "Grendizer!" ukiruka kutoka barazani, mpaka Mama akakukamata.

Ami Saidi
Ndiyo hiyo. Sasa sikilizeni. Duke Fleed, stelingi wa Grendizer, ni mwana wa mfalme, sayari yake imeangamizwa na dola ya Vega, kakimbilia Duniani, anafanya kazi kwenye shamba la mifugo kwa jina la Daisuke. Hataki vita. Ana jeraha la mkono la silaha ya vegatron, na jeraha hilo halikusahauliwa. Linarudi, linamlaza chini, tunaogopa litamuua. Karibu na mwisho anakuja Rubina, binti wa mfalme adui, aliyeahidiwa kuoana naye zamani kabla ya vita. Anakuja kwa mapenzi, anataka amani. Anauawa akimkinga Duke, anafia mikononi mwake. Na hakurudi. Hakuna tangi, hakuna dawa. Sebule nzima ilikuwa kimya, mpaka baba mwenye nyumba aliyekuwa akisoma gazeti aliliweka chini.

Ilikuwa katuni ya watoto. Michoro yake ukiitazama leo utaona imezeeka. Lakini mie nina zaidi ya miaka 50 na bado namkumbuka Rubina kwa jina.

Hemed
Mjomba, nimekubali kwa hilo. Ila naomba nitetee kidogo. Muziki wa Hiroyuki Sawano ule, kila roboti likitoka unasisimka. Na Slaine! Slaine ni mtu kamili. Kapigwa mijeledi na waliomlea, kadharauliwa kwa kuwa ni wa Dunia, kisha Inaho mwenyewe akamtungua baada ya kusaidiana vitani kule kisiwa cha Tanegashima. Chuki yake twaijua ilikoanzia.

Nasra
Nakubali. Muziki ni mzuri, na Slaine ndiye mtu pekee ambaye nikimtazama najua kwa nini anafanya anayoyafanya. Lakini tazama wenzake walivyotupwa. Rayet, baba yake kauliwa na Wamirihi mbele yake, ana hasira mpaka akamkaba shingo binti mfalme bafuni. Ile sehemu ilinitetemesha. Msimu wa pili kawa mwendeshaji wa roboti tu, anaitikia amri. Luteni Marito, vita vya 1999 vimemharibu, akiingia ndani ya roboti anatetemeka, analewa. Alikuwa peke yake aliyenionyesha vita vinamfanya nini mtu. Naye kawekwa pembeni.

Na Lemrina. Huyu ndiye anayeniuma zaidi.

Mama Nasra
Bibi anauliza Lemrina ni nani.

Nasra
Ni ndugu wa Asseylum, baba mmoja, mama mbali. Miguu yake haimbebi, anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Ametengwa maisha yake yote. Slaine anamtumia: anavaa sura ya dada yake kwa mitambo, anawahutubia watu kama Asseylum, huku anampenda Slaine na anajua Slaine anamwangalia akimwona mwengine. Hebu fikiria Bibi, msichana anapendwa pale tu anapovaa uso wa dada yake! Hiyo peke yake ni hadithi nzima. Wakaipitia juujuu wakakimbilia mapigano.

Mama Nasra
Bibi kasema niandike kama alivyosema: "Huyo mtoto ndiye ningemfuata mimi. Wa kwenye kiti. Na huyo binti mfalme mwisho kaolewa na nani? Na huyu au na yule?"

Nasra
Si huyu wala yule, Bibi. Kaolewa na Klancain, kijana wa kikabaila aliyetokea sehemu za mwisho mwisho. Hata hatujamzoea. Kaja, kaoa, vita vimesimama. Asseylum kawa malkia.

Mama Nasra
Bibi katikisa kichwa. Anasema mchumba huletwa mapema hadithini, asikilizwe, ajulikane ni mtu wa namna gani, ndipo watu washerehekee. Anasema ndivyo alivyowahadithia nyinyi wote.

Ami Saidi
Kweli Mama. Ulikuwa huendi mbele mpaka tujibu.

Hemed
Mimi nadhani tatizo liko kwa watungaji. Gen Urobuchi ndiye aliyebuni kisa, lakini sehemu alizoziandika kwa mkono wake ni 3 za mwanzo. Zilizobaki wakaandika wengine.

Nasra
Na sehemu ya lile daraja imo ndani ya hizo 3. Unaona sasa? Mtu kakupa uzi mzuri, mwengine kashindwa kushona.

Lakini nitasema na hili, maana nataka kuwa mwadilifu. Sehemu ya mwisho, Slaine kafungwa, dunia nzima inaambiwa kafa. Inaho anakwenda kumtembelea gerezani, kuna ubao wa sataranji mezani, Slaine anauliza kwa nini hakumuua. Anajibiwa kwamba Asseylum ndiye aliyeomba Slaine aokolewe kutoka mnyororo wa huzuni. Slaine analia. Nililipenda hilo. Nikatamani sehemu 11 za kabla yake zingenifikisha hapo kwa miguu yangu, nisingebebwa nikatupwa.

Shangazi Zuwena
Sasa mtoto Ilyas kasemaje? Yeye ndiye aliyelia.

Mama Nasra
Ilyas hapa, natumia simu ya Mama. Shikamoo Shangazi, shikamoo Ami.

Ami Saidi
Marahaba baba. Nitakutumia Grendizer ya Kiarabu, sehemu ya kwanza. Usiku huu huu, ukiwa na bando.

Mama Nasra
Ninalo Ami, mpaka kesho saa 6. Ahsante. Nitaangalia na Bibi.

Da Nasra, ile flashi usiifute yote. Acha mpaka sehemu ya 12. Nitaangalia tena na nitaishia hapo.

Nasra
Sawa Ilyas. Nafuta kuanzia ya 13.