Matumbawe yetu yamepauka baada ya bahari kuchemka: tupande mapya sasa au tusubiri?

Mlinzi_wa_Mwamba:
Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, hasa mliosomea mambo ya bahari na mnaopiga mbizi.

Kikundi chetu kinalinda sehemu ya mwamba wa matumbawe. Wiki kadhaa sasa maji yana joto isivyo kawaida, hata ukizama chini ule ubaridi tuliouzoea hauupati. Matumbawe ya matawi yaliyokuwa ya kahawia yamekuwa meupe pe, mengine yamegeuka samawati na waridi inayong'aa. Samaki wadogo bado wamejibanza humo humo. Mfadhili yuko tayari kutoa fedha tupande matumbawe mapya, ila anataka kazi ianze mwezi huu. Wenzangu wanasema tukubali kabla hajabadili mawazo. Mimi moyo unasita. Haya yamekufa kweli? Na tukipanda sasa yatashika?

BintiBahari:
Pole sana mkuu. Kupauka siyo kufa. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wadogo mno, jamii ya mwani, wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Tumbawe linapata sehemu kubwa ya chakula chake kwao, na rangi yake pia. Joto likizidi wanaanza kuzalisha kemikali zinazolidhuru, nalo linawatoa. Huo weupe ni mifupa yake ya chokaa inayoonekana kupitia nyama angavu. Lina njaa, lakini li hai. Maji yakipoa mapema, wale viumbe hurudi. Yasipopoa, ndipo linakufa kwa njaa au maradhi.

Nendeni mkaliangalie kwa karibu bila kuligusa. Lililo hai uso wake ni laini, na usiku mkimulika tochi mtaona minyiri midogo imechomoza kwenye vishimo. Lililokufa huota utando wa kijani au kahawia kama manyoya, na hauchelewi. Hayo ya samawati na waridi msiyakatie tamaa kabisa, ni dalili kwamba bado yanapambana na joto.

Kupanda sasa hapana. Mtakuwa mnatia vipande vichanga kwenye maji yale yale yaliyowashinda wakubwa. Joto lilipoipiga bahari ya Florida, Marekani, mwaka 2023, wataalamu walikuwa wanayatoa matumbawe vitaluni na kuyakimbizia kwenye matangi ya nchi kavu.

Kipimajoto:
Naongezea kwenye vipimo. Wanasayansi wanaita wimbi la joto baharini pale joto linapopita kiwango kinachofikiwa mara chache kwa msimu huo, kwa siku 5 mfululizo au zaidi. Kwa matumbawe kuna hesabu nyingine: nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, ikikaa wiki moja, ni pointi 1. Zikifika 4 ndani ya wiki 12, tegemea kupauka. Zikifika 8, tegemea vifo. NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, inatoa ramani za pointi hizo kila siku kwa satelaiti, bure. Angalieni eneo lenu kabla ya kumjibu mfadhili, na mfunge kipimajoto chenu kwenye mwamba, maana satelaiti inasoma maji ya juu tu.

Nahodha_Mstaafu:
Wanangu, mimi nasema muwaangalie samaki. Pono na tasi ndio wanaokula majani yanayoota juu ya mwamba. Mkiwavua wakaisha, matumbawe yakifa majani yanatawala na vichanga vinakosa pa kushika. Shelisheli ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe ya visiwa vyake vya ndani mwaka 1998. Katika miamba 21 iliyofuatiliwa, 12 ilirudi na 9 ikageuka ya mwani. Iliyorudi kwa kawaida ilikuwa na kina zaidi, mapango na matawi mengi, na samaki wa kutosha wala majani. Kina hamwezi kukibadili. Samaki mnaweza kuwalinda kuanzia leo.

Mzamiaji_Huru:
Natofautiana kidogo na BintiBahari. Kusubiri tu hakutoshi, matumbawe ya matawi ndiyo yanayokufa upesi. Kama kuna aina iliyobaki chache sana, vipande vyake vikafichwe kwenye maji yenye kina na baridi zaidi.

BintiBahari:
Hapo tuko pamoja kaka, ila iwe ni kuokoa aina adimu, tena mkiwa na mtaalamu na kibali. Kukatakata tumbawe lenye njaa ni kuliongezea jeraha.

Mlinzi_wa_Mwamba:
Ahsanteni sana, na shikamoo Nahodha. Nitamwomba mfadhili fedha zianzie kwenye vipimajoto na doria ya kulinda pono na tasi. Akiuliza kupanda ni lini, nimjibu nini?

Kipimajoto:
Mwambie maji yarudi kawaida kwanza, kisha mpe miezi michache mhesabu yaliyopona na yaliyokufa. Yaliyopona ndiyo mtakayochukulia vipande vya kupanda, kwa sababu yamekwisha kuonyesha yanahimili joto. Piga picha sehemu zile zile kila mkizama, kuanzia wiki hii.