Mkate wa kumimina umenikatalia mara tatu, na Idi ndo hiyo inabisha hodi

bibi_arusi_gorofani

Asalaam alaykum jamani, Ramadhani karim. Nisaidieni mwenzenu kabla sijaaibika. Mie nimeolewa mfungo sita kwa hivyo hii ndo Ramadhani yangu ya kwanza kwenye nyumba yangu, tunakaa Michenzani gorofani, na mume wangu kajitolea mwenyewe bila kuniuliza kuwa Idi mosi kwao wote watakuja kunywa chai kwetu wakitoka kusali. Mavyaa, mawifi watatu na watoto wao ambao idadi yao naogopa hata kuisema. Maandazi najua, kaimati najua, sambusa nikikunja huoni mshono. Lakini mavyaa anachotaka khasa ni mkate wa kumimina, na mie huo mkate umenikatalia mara tatu.

Mara ya kwanza haukuumuka kabisa, masaa manne umetulia tuli kama uji uliopoa. Mara ya pili ukaumuka vizuri mashallah, hiyo nimesaga baada ya tarawehe, nikasema nilale kidogo niuchome daku, naamka nakuta umeshuka, una povu juu na harufu kali, nikauchoma ivo ivo ukatoka mchachu na umebonyea katikati kama kitanda cha kamba. Mara ya tatu chini vitundu vizuri, rangi nzuri, juu mweupe na maji maji, nikasema niugeuze kama chapati, ukakatika vipande viwili mbele ya wifi yangu. Akakitazama kile kipande akasema "huu umelala wifi, tuuache ulale". Nimecheka lakini ndani naungua.

Navotia: vikombe viwili mchele wa Mbeya naroweka usiku, kikombe kimoja cha tui zito napasha kidogo, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko cha chai, iliki, ute wa yai moja. Napikia gesi, oveni sina. Mamaangu yuko shamba na simu yake haishiki, nikimpata ananambia "tia kiasi". Kiasi gani?

mama_seredani

Pole mwanangu. Mbona umejieleza vizuri, makosa yako yote matatu umeshayataja mwenyewe hujayaona tu.

Hilo la kwanza ni tui. "Napasha kidogo" ya kila mtu ni tofauti, tui likiwa la moto hamira inakufa, ndo mwisho wake, hata ukae nayo mpaka Idi ya tatu haiamki. Tui liwe la uvuguvugu, tia kidole, kama kidole hakihisi moto wala baridi basi hapo hapo. Na kitu watu hawakisemi, blenda nayo inapasha! Ukisaga mchele mfululizo ule unga unatoka wa moto, shika jagi utahisi. Saga, pumzisha, saga, na hamira itie mwisho kabisa uzungushe mara moja tu. Usage mpaka ukisugua baina ya vidole husikii chenga. Mchele uliobaki chenga unatuama chini mkate unakuwa na tabaka, chini jiwe juu sponji.

La pili umelala. Huu mkate hausubiri mtu. Ukiumuka umeumuka, saa moja kwa joto hili letu, pengine na nusu, ukiona umepanda na juu kuna vipovu vidogo vidogo mshumaa wako umewaka, pika sasa hivi. Ute wa yai usitie mwanzo, upige mpaka uwe povu jeupe utie wakati unataka kuumimina, koroga kwa mwiko taratibu upande mmoja.

La tatu ni gesi na sina la kukusaidia, mie kwangu seredani, jiko la makaa. Mkate wa kumimina ni moto juu moto chini.

kijana_wa_Kwahani

Sisi wanaume tuulize kitu kimoja tu, hivyo vipande viwili vilivyokatika vimeenda wapi? Kama vipo nipo karibu

bibi_arusi_gorofani

@kijana_wa_Kwahani vimeliwa na huyo huyo aliyealika watu bila kuniuliza, na akataka chengine.

@mama_seredani shikamoo mama, allah akujaze kheri. Kumbe blenda! Mie nasaga dakika tano bila kupumua. Lakini hapa gorofani makaa siwezi, nikiwasha seredani kwenye korido majirani wa juu wananigongea na mlango wenyewe uko mmoja.

mpemba_wa_wete

Hebu nyie wa Unguja nnaona mwahangaika sana na nkate. Sie huku bibi yetu alikuwa hana blenda wala kijiko cha chai, nchele ulirowekwa ukatwangwa kwenye kinu ukachekechwa, ukatwangwa tena, ule unga ndo ukapigiwa tui, na juu akipalia vifuu vya nazi sio makaa ya dukani, moto wa vifuu unakuja ghafla na unaondoka ghafla kwa hivyo juu unapata rangi bila ya nkate kukauka. Tulikuwa twakaa tumeuzunguka kama kuku. Akiutoa anaupigapiga kwa kiganja na kuusikiliza. Ukilia kama ngoma mbovu anaurejesha.

Na huo nchele wa Mbeya ndo nchawi wako. Nchele mpya wa Mbeya una mnato, nkate unakuwa kama mbate. Tumia nchele wa mapembe.

mama_seredani

Mapembe?? Hapana jamani. Mapembe harufu hana, utatia iliki kilo nzima bado hausikiki. Mbeya mzuri lakini uwe wa zamani, muulize muuzaji hasa, kama anakuapia ni mpya leo leo basi huo uuache. Au basmati kama mume kapata mshahara.

Na hilo la kinu ni kweli, nakumbuka umeme ulivokatika Unguja nzima miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, blenda zote zimekaa kabatini kama mapambo. Jirani yangu alikuwa na kinu cha kupondea kisamvu tukakigombania mtaa mzima. Mkate wa miezi ile ulikuwa na chenga lakini mtamu, sijui kwa sababu ya kinu au kwa sababu ya tabu.

muuza_futari_mstaafu

Mie mwanamme na nimeuza mikate hii Darajani Ramadhani sita mfululizo kwa hivyo nisikilizeni kidogo. Mchele wowote unatoka, nimepikia Mbeya, nimepikia mapembe, nimepikia nusu kwa nusu. Mnato unatokana na maji kuliko mchele. Ukisharoweka uchuje mpaka utone tone la mwisho, mimi nikiuacha kwenye kung'uto robo saa. Watu wanatia kikombe cha tui juu ya mchele uliojaa maji halafu wanalaumu Mbeya. Uzito wake ukimimina utiririke kama utepe, usikatike na usiruke ruke kama maji.

Sufuria: nzito ya chini, sio hizi za bati jembamba. Iweke motoni na samli kijiko kimoja ienee mpaka ukingoni, iwe ya moto KABLA hujamimina, ukimimina usikie chwaa. Hiyo chwaa ndo inayopandisha vitundu, ule moto wa chini unausukuma hewa iliyomo ndani itoke juu, ukimimina kwenye sufuria baridi vitundu vinazibana hukohuko. Ukishamimina punguza moto uwe mdogo kabisa na usifunike. Utaona vitundu vinaanza pembeni vinakwenda katikati, mpaka uso wote uwe kama sega la nyuki. Vikishafika katikati tu, hapo ndo moto wa juu, sio kabla. Ukifunika mapema mvuke unarudi chini unakuwa ule mweupe maji maji wako.

Sasa kwa huyu bibi arusi wa gorofani. Chukua chuma cha chapati, kipashe kwenye jiko la pili mpaka kitoe moshi, ufunikie sufuria nacho, mgongo uliokuwa motoni uangalie mkate, usiguse. Kikipoa rejesha motoni funika tena, mara tatu au nne. Haitoki nyekundu kama ya makaa, nakwambia kweli, lakini inaiva na inashika rangi ya dhahabu. Kitambaa mkononi, mimi nna alama mpaka leo. Ukingo ukiachana na sufuria wenyewe na kijiti kikitoka kikavu, epua. Na usiugeuze moto moto! Uache upoe ndo uupindue kwenye sinia.

Na kama unaweza, uchome usiku wa kuamkia Idi sio asubuhi. Asubuhi una boko boko la kusonga, watoto wa kuwavisha, udi wa kufukiza, na mume anatafuta kofia yake ambayo ameivaa.

mpemba_wa_wete

"Kofia ambayo ameivaa" hhhh. Huyu kaoa kweli huyu.

wifi_mkubwa

Mie swali la pembeni, boko boko mnasonga na nyama ya ng'ombe au kuku? Kwetu ng'ombe tu na ngano inachemka toka usiku, ila mke wa kaka yangu anatia kuku na anadai ndo asili.

mama_seredani

Kuku inalainika haraka, ng'ombe ina ladha. Asili ni mwiko mkubwa na mkono usiochoka. Vitunguu vya kukaanga na samli juu usisahau, bila hivyo ni chakula cha mgonjwa.

bibi_arusi_gorofani

Nimerudi jamani! Jana nimefanya. Mbeya wa zamani (muuzaji kaniapia sana mpaka nikamshuku), nimechuja robo saa kwa saa ya simu, blenda nimeipumzisha mara tatu, hamira mwisho. Umeumuka kwa saa moja na dakika kumi na sikulala, nimekaa naukodolea macho. Chwaa nimeisikia wallahi. Vitundu vikaanza pembeni kama alivosema mzee wa Darajani, nikamwita mume aje aone, akaja na sahani.

Chuma cha chapati nimekirejesha mara nne, mara ya pili nimeunguza kidole kidogo tu. Juu umekuwa na rangi ya chai ya maziwa, upande mmoja umezidi kidogo. Katikati umebonyea nukta moja ndogo ambayo nimeifunika kwa kukata kutokea hapo.

Nusu nikaiweka kwenye sahani nikafunika kwa kawa, nikampa mtoto wa jirani ampelekee mavyaa wakati wa futari. Sikusema kitu. Sahani imerudi leo asubuhi, ndani ndimu sita na embe mbili bichi. Na yeye hajasema kitu.

kijana_wa_Kwahani

Na ile nusu nyengine?