AC za kuwashwa usiku na mchana karibu na bahari Tanga: dirishani, spliti ya kawaida au inveta?

Mwenyeji_Raskazone
Wakuu, habari za kutwa. Nina nyumba ya wageni hapa Raskazone, vyumba sita, bahari iko mbele ya mlango. Wageni wangu wengi ni wa kukaa miezi, AC inapiga kama saa 20 kwa siku. Spliti za kawaida (mashine moja ndani, nyingine nje) za BTU 12,000, yaani nguvu ya kupoza, nilizoanza nazo, mbili zimekufa ndani ya miaka minne. Jamaa yangu Chumbageni anayo kama hizo, huu mwaka wa tisa. Sasa nataka kubadilisha zote. Bei nitajikaza, ninachotaka zidumu.

FundiBaridi
Mkuu, piga hesabu kwanza. Jamaa yako, kama anaiwasha saa 8 za kulala tu, anaitumikisha saa 2,920 kwa mwaka. Yako ni 7,300. Miaka yako minne ni sawa na kumi ya jamaa yako, kwa hiyo hazikukudhulumu. Ila zilikufaje? Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, iligoma, au gesi ilikuwa ikiisha?

Mwenyeji_Raskazone
Gesi. Tunajaza, miezi mitatu imekwisha. Nikipitisha kidole kwenye zile bati nyembamba za mashine ya nje, zinamomonyoka unga mweupe.

FundiBaridi
Basi muuaji ni chumvi. Inatua kwenye bati za alumini na kuzila, hasa pale zinapogusana na bomba la shaba. Bati zikiisha, joto halina pa kutokea, kompresa inachemka. Ndiyo maana nasema usianze na jina la kampuni, anza na koili: bomba la shaba, bati zenye rangi ya kinga, bluu au dhahabu. Halafu mashine ya nje itoe upande wa baharini, ifunge ukuta wa nyuma. Kila mwezi zima umeme kwenye swichi kuu, imwagie maji baridi ya bomba taratibu, usitumie presha ya kuoshea magari, inalaza zile bati.

BintiPangani
Kaka, mimi nina inveta mbili, mwaka wa tano sasa. Kwa saa zako hizo utaona tofauti kwenye luku, maana kompresa haizimiki na kuwaka kila mara, inapunguza mwendo tu. Lakini moja iliungua bodi ya umeme ya mashine ya nje, umeme ulikatika ukarudi na nguvu. Bodi nilingoja wiki tatu kutoka Dar. Usifunge inveta bila kilinzi cha umeme kinachochelewesha dakika chache kabla ya kuwasha.

Kaole_Spea
Niko Bagamoyo. Za dirishani kwako sizipendi. Niliwahi kupokea wageni wanaoishi ndani ya gari, AC yao iko juu ya paa na haizimwi safari nzima. Muundo wake ni kama ya dirishani, kila kitu sanduku moja, gesi imefungiwa kiwandani na hakuna vali ya kujazia. Ikivuja, wengi wanatupa sanduku zima. Pia ya dirishani huwezi kuihamisha mbali na upepo wa bahari, inakaa pale pale dirisha lilipo.

Mwenyeji_Raskazone
Nimewaelewa, ahsanteni sana. Vyumba vinne vya wageni wa kudumu nafunga inveta na vilinzi, mashine zote zinahamia ukuta wa nyuma. Viwili vya wageni wa siku moja nabaki na spliti za kawaida, koili ya shaba.

FundiBaridi
Sawa kabisa. Acha nafasi nyuma ya mashine, zisipuliziane joto. Na kama za zamani zilikuwa za gesi ya R22 na hizi ni za gesi ya R32, usirudie bomba zile zile. Mafuta ya kompresa si mamoja, na presha ya R32 ni kubwa zaidi. Kabla ya kufungulia gesi, mwambie fundi avute hewa yote kwa pampu, na akishaifungulia apake povu la sabuni kila maungio kutafuta uvujaji, ukiwa umesimama hapo.