Programu ya slaidi inapokea video kimya kimya, halafu inakuja kukuumbua ukumbini

Wakuu, nimekereka, na leo sipunguzi makali.

Juzi nilikuwa na semina ya wakulima wa mpunga. Mada kilimo shadidi: unahamisha mche ukiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa shimo, nafasi sentimita 25 kwa 25. Kitu hicho hakielezeki kwa maneno, mkulima lazima aone vidole vya mpandaji. Nikarekodi shambani kwa iPhone, nikaiweka video kwenye slaidi za PowerPoint, nikaijaribu kwenye laptopu yangu, ikacheza safi. Ukumbini nikakuta laptopu ya ofisi imeshaungwa kwenye projekta. Nabonyeza, boksi jeusi! Sauti inatoka vizuri tu, maji na vyura na mpandaji akicheka, wazee wa watu wamekodolea giza.

Ukiuliza mafundi: zima, washa. Apdeti. Badilisha waya wa HDMI. Hivi waya unahusikaje wakati slaidi nyingine zote zinaonekana?

Tatizo ni kodeki, yaani kile kijiprogramu cha kubana video na kuifungua tena. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi kwa HEVC, yaani H.265, ili faili liwe dogo. Laptopu ile haikuwa na kodeki hiyo. Sauti imebanwa kwa AAC, ambayo laptopu iliitambua, ndiyo maana ilisikika. Na kabla hamjaniuliza mbona VLC, ile programu ya kuchezea video, inacheza: VLC inatembea na kodeki zake, programu ya slaidi inategemea zile za mfumo wa kompyuta. Kodeki yenyewe inauzwa dola 0.99 mtandaoni, lakini laptopu ya ofisi haisakinishi kitu bila nywila ya mtu wa TEHAMA, naye yuko likizo.

Sasa kinachonipandisha presha ni hiki: programu INAJUA. Ukienda menyu ya Faili, sehemu ya Info, kuna kitufe cha "Optimize Compatibility" ambacho hujitokeza pale inapohisi video inaweza kugoma kwenye mashine nyingine. Kwa nini kijifiche huko? Kila neno la Kiswahili ninaloandika inalipigia mstari mwekundu papo hapo, hata jina la kijiji. Video itakayonifedhehesha mbele ya watu inaimeza bila hata kukohoa!

Na msiniambie nipunguze ukubwa wa video. Ukubwa hauhusiki. Mnaotaka kuepuka balaa, geuzeni iwe MP4 ya H.264, kodeki ya zamani inayotambulika karibu kila mashine, na sauti ya AAC kabla ya kuiingiza. Programu ya HandBrake inafanya hivyo bure. Au kwenye mipangilio ya kamera ya iPhone, upande wa Formats, chagua "Most Compatible". Mkisafiri na flashi, tazameni pia uzito wa faili: video MB 200, slaidi MB 3, ujue video haimo ndani ya slaidi, imeunganishwa tu, na yenyewe imebaki nyumbani.

Alhamisi narudi ukumbi uleule, mashine ileile. Video nimeshaigeuza. Ila wenzangu wawili wanaleta za kwao asubuhi hiyohiyo, moja kwa moja kutoka kwenye simu. Kuna anayejua njia ya kuzigeuza haraka kwenye kompyuta isiyoruhusu kusakinisha chochote, na intaneti ya kusuasua? Wa "zima, washa" pitieni nyuzi nyingine.