Naomba ushauri: nijifunze nini ili niwe mwandaaji programu hodari kweli?

Ndugu wanachama, nina miaka 4 katika kazi ya kuandika programu za kompyuta, na ingawa kazi ninazopewa ninazimaliza kwa wakati, ninahisi kwamba ninaunganisha tu vipande vilivyoandikwa na wengine bila kuelewa kinachotendeka ndani ya mashine.

Ninayemtazama kama kielelezo ni Margaret Hamilton wa Marekani, aliyeongoza timu iliyoandika programu za safari za Apollo. Mwaka 1969, dakika chache kabla ya Apollo 11 kutua mwezini, kompyuta ilizidiwa na kazi, lakini kwa kuwa programu ilikuwa imeandaliwa kwa hali kama hiyo, iliacha yasiyo ya lazima ikaendelea na yale ya kutua. Kwangu mimi, uwezo huo wa kuona tatizo kabla halijatokea unazidi kasi ya kuandika au wingi wa lugha za programu.

Je, uwezo huo hujengwaje? Kwa kuwa ninapata saa 2 tu kila jioni, nianze kwa kusoma msimbo (maandishi ya programu) wa miradi mikubwa kama Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, au nirudie algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, nilizozipitia juujuu chuoni? Ninawaomba hasa waliowahi kuwalea vijana kazini wanieleze walichokiona.